Wimbi Kubwa na Waliolijua Mapema

Wanafunzi wengi husoma habari za nchi za mbali kama mtu asikilizaye hadithi za majini: hupendezwa, kisha husahau. Huuliza, "Desturi za Wajapani au za watu wa Hawaii zatufaa nini sisi?" Habari ifuatayo itawajibu, nayo ni habari ya kweli.

Twaeni ramani ya dunia, mkitafute kisiwa cha Sumatra katika nchi ya Indonesia, upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Siku ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa mbili ya asubuhi, nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa hicho. Tetemeko lile lilikuwa mojawapo la makubwa kabisa yaliyopata kupimwa kwa mitambo. Sakafu ya bahari iliinuka ghafula, ikayasukuma maji yote yaliyokuwa juu yake.

Wimbi la namna hii si kama mawimbi yaletwayo na upepo. Katika kilindi huenda mbio kama ndege ya abiria, kilometa 700 kwa saa au zaidi, wala baharia aliye chomboni halitambui, maana huko kimo chake ni kidogo. Likikaribia nchi kavu, ambako kina cha maji hupungua, mwendo wake hupungua pia, nalo huinuka juu. Mara nyingi, ingawa si kila mara, bahari hurudi nyuma kwanza, ikawaacha samaki wakirukaruka mchangani, na wasiojua hukimbilia kuwaokota. Siku ile watu wapatao 230,000 walikufa katika nchi 14.

Asubuhi hiyo hiyo, katika pwani ya Mai Khao, kisiwa cha Phuket, nchi ya Thailand, msichana Mwingereza mwenye umri wa miaka 10 alikuwa akitembea ufukweni pamoja na wazazi wake, waliokuwa wamekwenda kupumzika siku za Krismasi. Aliona maji yanafanya povu kama pombe iliyomiminwa sasa hivi, tena yanazidi kuja wala hayarudi. Wakubwa waliyaona maji hayo hayo, wasiwe na neno. Lakini yule mtoto moyo ulimshtuka, kwa sababu majuma mawili tu yaliyotangulia, kule kwao Uingereza, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewaonyesha darasani picha za sinema za wimbi lililopiga visiwa vya Hawaii mwaka 1946. Mambo aliyoyaona katika picha ndiyo yaliyokuwa mbele ya macho yake.

Aliwaambia wazazi wake, nao kwanza hawakumsadiki. Akapiga kelele, akashikilia neno lake, hata baba yake akaenda kumwambia mlinzi wa hoteli. Yasimuliwa ya kwamba Mjapani mmoja aliyekuwa karibu alilisikia neno "tsunami" katika maneno yao, akasema kwamba amepata habari za tetemeko kule Sumatra, na kwamba mtoto huenda anasema kweli. Watu wapatao mia wakaondolewa ufukweni. Baada ya dakika chache wimbi likaja, na pwani ile hakufa hata mtu mmoja.

Watu wa Hawaii waliyajua mambo hayo kwa uchungu. Tarehe 1 Aprili 1946 nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na visiwa vya Aleutian, mbali sana kaskazini, na baada ya saa tano hivi wimbi likafika mji wa Hilo. Kule Laupahoehoe, ambako shule ilijengwa karibu na maji, wanafunzi waliowahi kufika waliona bahari imekauka, wakashuka kutazama ajabu hiyo. Watu zaidi ya 20 walikufa mahali pale, wengi wao wakiwa wanafunzi na walimu wao. Katika visiwa vyote walikufa 159. Kwa ajili ya msiba huo Wamarekani waliweka huko, mwaka 1949, kituo cha kuangalia matetemeko na kupeleka maonyo. Bahari ya Hindi haikuwa na mpango kama huo mwaka 2004.

Neno "tsunami" ni la Kijapani: "tsu" ni bandari, na "nami" ni wimbi. Si ajabu Wajapani ndio walioipa dunia jina hilo, maana mawimbi haya yamewapiga mara nyingi tangu kale. Tangu mwaka 1937 hata 1947 kitabu cha kusomea cha shule zao kilikuwa na somo la mzee mmoja aliyekaa juu ya kilima. Alipoona bahari inarudi nyuma, alichoma miganda ya mpunga wake mwenyewe, ili watu wa kijiji wapande mbio kuuzima moto, wasikutwe chini na maji. Kisa hicho kilitokana na mambo yaliyotukia kweli mwaka 1854, lakini waandishi walikibadili kidogo. Hamaguchi Goryo hakuwa mzee bali mtu wa miaka thelathini na kitu, na moto wake aliuwasha katika mabua ya mpunga jioni, baada ya wimbi la kwanza, ili waliopotea gizani waione njia ya mlimani. Baadaye alitoa mali yake mwenyewe kujenga boma la kuzuia maji, na jambo hili, ambalo kitabu hakikulisimulia, pengine ndilo kubwa kuliko moto wenyewe.

Lakini isidhaniwe kwamba maarifa haya yote yamo katika vitabu na sinema. Kisiwa cha Simeulue ki karibu sana na mahali palipotetemeka, na wimbi lilikifikia kwa muda wa dakika kumi hivi. Hapana onyo la mtambo ambalo lingewahi. Hata hivyo, katika watu wapatao 78,000 walikufa 7 tu. Mwaka 1907 wimbi lilikuwa limewaangamiza wengi katika kisiwa hicho, na wazee waliosalia waliwasimulia wajukuu na kuwaimbia watoto wachanga habari za "smong", ndilo jina la wimbi katika lugha yao: nchi ikitetemeka kwa nguvu, kimbilieni milimani, msingoje. Basi wakakimbia.

Sasa rudini katika ramani, mkavuke bahari mpaka pwani yetu. Wimbi lilisafiri zaidi ya saa saba kabla ya kufika huku. Habari kwa redio na televisheni zilikuwa zimekwisha kutangulia, lakini hazikusikiwa mahali pote sawasawa. Pwani ya Somalia, ambako hapakuwa na wa kuonya, ilipoteza watu zaidi ya mia. Nchini Kenya wakuu walizipata habari hizo, askari wakawaondoa watu ufukweni, akafa mtu mmoja. Nchini Tanzania walikufa watu wapatao 10, wakiwamo waliokuwa wakiogelea. Ni kweli pia kwamba maji yalikuwa yamekupwa wimbi lilipofika, na hilo lilipunguza madhara.

Tangu mwaka 2011 Bahari ya Hindi ina mpango wake wa maonyo, na vituo vya Australia, India na Indonesia hupeleka habari kwa nchi zote za pwani. Habari hizo hufika kwa dakika chache katika ofisi za serikali. Kutoka ofisini mpaka kwa wanawake watafutao pweza mwambani, maji yakiwa yamekupwa, sharti apatikane mtu wa kuzipeleka, nao wawe wamekwisha kujua maana yake.