Maana ya "Catchment"
Wengi hulifasiri neno la Kiingereza "catchment" kuwa chanzo cha maji. Fasili yake ni pana zaidi: eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia mto au bwawa moja, yaani kidakio. Kwa hiyo miteremko ya Uluguru inayoteremsha maji Mto Ngerengere ni kidakio cha Bwawa la Mindu, pamoja na mashamba na nyumba zilizomo. "Bank" nalo, licha ya mazoea ya mjini, hapa ni ukingo wa mto. Kwa mkulima tofauti hiyo si ndogo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mto, na mita hizo hupimwa kutoka ukingoni.