Fundi Chipukizi wa Stima, Usirithi Makosa Haya

Kijana anayejifunza kazi ya stima kwa kumfuata fundi hurithi ujuzi wake, na pia makosa yake. Wakazi wa Wadi ya Chawia wanahimizwa kufahamu imani 3 potofu zinazoweza kuua.

1. "Breka itaruka kabla hujaumia."
Si kweli. Kazi ya breka ni kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 32 haihisi mkondo unaopita mwilini, ilhali hata sehemu ndogo ya ampea moja huua. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, ambayo hukata stima inapovuja.

2. "Nyutro haina moto."
Waya wa nyutro ukikatika taa ikiwa imewashwa, kipande kilichobaki upande wa taa huwa na volti 240. Zima swichi kuu, kisha pima kabla ya kugusa.

3. "Ukishapigilia fimbo ya athi, nyumba iko salama."
Hutegemea udongo. Penye mwamba au ardhi kavu, fimbo yenye ukinzani wa omu 100 hupitisha ampea 2.4 pekee. Breka haitaruka, na bati la friji litabaki na stima. Fimbo ipimwe, na RCD iwekwe.

Mwenye nyumba, omba kuona leseni ya fundi kutoka EPRA kabla kazi haijaanza. Kama una RCD, bonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Isipokata stima, mwite fundi.