SENTI ZA MFALME ASIYEVIKWA TAJI

Katika vibweta vya wazee bado huonekana sarafu za shaba zenye tundu katikati. Hazipokelewi tena dukani, kwani tangu mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa kila nchi fedha yake. Kwa hiyo wengi huwauzia mafundi wa shaba kwa uzito, wala hawazitazami. Yafaa zitazamwe kwanza.

Twaa senti 5 au senti 10 ya mwaka 1936. Upande mmoja utaona pembe za ndovu kandokando ya tundu; upande wa pili, taji na jina la mfalme. Mwaka peke yake hautoshi, maana zipo za mwaka huo zenye jina la George wa Tano, aliyefariki tarehe 20 Januari. Soma jina. Ukiona EDWARDVS VIII (herufi V imesimama mahali pa U, kwa desturi ya Kilatini), basi unayo fedha ya Edward wa Nane, aliyetawala tangu siku hiyo hata tarehe 11 Desemba 1936, akajiuzulu kabla ya kuvikwa taji.

Huenda msomaji akauliza, ajabu yake nini? Ajabu ni kwamba huko Uingereza kwenyewe fedha za mfalme huyu hazikutolewa zitumiwe na watu. Fedha za huko huwa na sura ya mfalme, na sura yataka kuchorwa na kukubaliwa. Tena palikuwa na hoja: mfalme alitaka aonekane akitazama kushoto kama baba yake, hali desturi ni kila mfalme kutazama kinyume cha yule aliyemtangulia. Kabla mambo hayajatimia, akaondoka. Lakini senti zetu, kwa sababu ya tundu, hazina nafasi ya kichwa. Likabadilishwa jina tu, zikapigwa, zikaletwa. Hivyo mnunuzi wa chumvi huku bara alishika mkononi kitu ambacho mtu wa London hakukipata.

Zenye herufi H au KN zilipigwa katika viwanda viwili vya Birmingham.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba ametajirika. Zilipigwa nyingi, na iliyochakaa bei yake ni ndogo. Itafutwayo ni ile iliyo kama siku ilipotoka kiwandani. Wala usiisugue kwa majivu au ndimu. Itang'aa, ndiyo, lakini mnunuzi ajuaye ataikataa.

Yenye thamani kubwa kweli ni rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo na mlima, iliyopigwa na Wajerumani mjini Tabora mwaka 1916, walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari kwa vita. Hazikupita sana 16,000. Pamoja nayo zilipigwa hela 20 za shaba, nazo zina herufi T chini ya mwaka. Mzee asiyejua kusoma akiwa na sarafu ya namna hiyo, mwalimu na amsomee kabla mchuuzi hajafika.