Wakati wa kubadilisha huduma ya ulinzi wa mtandao wa wingu: mbinu za kuamua kwa ushahidi

Kila mwaka, wiki chache kabla mkataba haujaisha, ankara ya huduma ya ulinzi wa mtandao humfikia mkuu wa TEHAMA, na mkurugenzi wa fedha huuliza: tuendelee nayo au tutafute nyingine? Katika kampuni nyingi jibu hutolewa kwa mazoea. Wanaoogopa usumbufu husaini tena. Waliochoka humsikiliza muuzaji aliyekuja na maonyesho ya kuvutia zaidi. Wote wameamua bila kupima, na huku nyuma mishahara, miamala na taarifa za wateja zinaendelea kupita katika njia ambayo hakuna mwenye uhakika kama inalindwa.

Makala hii inahusu huduma zinazokaa kwenye wingu, kati ya wafanyakazi na mifumo wanayoitumia: faiawoli ya wingu, kichujio cha tovuti, kinga ya programu za wavuti, na njia salama ya kuingia kwenye mifumo ukiwa nje ya ofisi. Kipimo kikuu ni kimoja. Huduma hufikia mwisho wake pale inapoacha kuona kazi yenu inakopita. Bei, kasi na sura ya ripoti zake vina uzito, lakini huja baada ya hapo.

Anza na mipangilio yenu

Kabla hujamlaumu mtoa huduma, kagua mlichokiweka wenyewe. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani iliibiwa taarifa za watu takribani milioni 100 nchini humo na milioni 6 nchini Kanada. Data ilikuwa kwenye wingu la Amazon, na kinga ya programu za wavuti ilikuwepo. Tatizo ni kwamba kinga hiyo ilikuwa imepangwa vibaya: mwizi aliitumia kujipatia vibali vya ndani, na vibali hivyo vilikuwa na uwezo wa kufungua mengi kuliko ilivyohitajika. Mwaka 2020 mdhibiti wa mabenki aliitoza Capital One faini ya dola milioni 80. Kinga mpya iliyopangwa vilevile ingepitwa vilevile.

Kampuni kubwa za wingu hugawana wajibu na wateja wao. Wao hulinda majengo, mashine na mitambo. Mteja hulinda data yake, akaunti zake na kanuni anazoziweka. Kwa hiyo tenga wiki mbili na ukague haya:

- Kanuni zilizoachwa katika hali ya kuangalia tu. Zinaandika tukio lakini hazizuii kitu.
- Kanuni za kuruhusu kila kitu zilizowekwa wakati wa dharura, kisha zikasahaulika.
- Watumiaji walioondolewa kwenye ukaguzi kwa sababu walilalamika. Mara nyingi ni wakubwa wa kampuni, na hao ndio wanaowindwa zaidi.
- Ukaguzi wa mawasiliano yaliyosimbwa uliozimwa. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya wavuti sasa imesimbwa. Huduma isiyoyafungua huona yanakokwenda tu, haioni kilichomo.
- Vipengele mnavyolipia ambavyo havijawahi kuwashwa.

Rekebisha, subiri mwezi mmoja, kisha pima tena. Kasoro zikiondoka, mmeokoa fedha na usumbufu. Zikibaki, sasa mna haki ya kusema kwamba tatizo ni huduma yenyewe.

Dalili ya kwanza: haioni

Mlinzi anaweza kukesha getini bila kusinzia, lakini kama watu wote wamehamia mlango wa uani, kukesha kwake hakulindi kitu. Ndivyo inavyotokea kazi inapohama. Huduma ilinunuliwa wakati kila mtu yuko makao makuu. Leo mhasibu anafanya kazi nyumbani, tawi la Mwanza linatoka moja kwa moja kwenye intaneti, na nusu ya mifumo imehamia kwa watoa huduma wengine wa wingu. Dashibodi bado ina rangi ya kijani kwa sababu inaripoti kile tu kinachoifikia.

Pima kwa njia tatu. Kwanza, chukua orodha ya wafanyakazi kutoka idara ya rasilimali watu na orodha ya kompyuta kutoka kitengo cha mali, uzilinganishe na majina na vifaa vilivyoonekana kwenye huduma katika siku 30 zilizopita. Kila kilichopo kwenye orodha zenu na hakipo kwenye huduma ni pengo.

Pili, tumia faili la EICAR. Si kirusi, ni faili fupi la maandishi lililotengenezwa ili kujaribu kinga, na programu za kupambana na virusi zimekubaliana kulitambua. Ijulishe timu yenu ya usalama, kisha jaribu kulipakua kupitia tovuti iliyosimbwa ukiwa makao makuu, ukiwa tawini, na ukiwa nyumbani kwa intaneti ya simu. Andika ni wapi limezuiwa na huduma, na ni wapi limefika hadi kwenye kompyuta.

Tatu, angalia njia mpya za mawasiliano. QUIC, iliyochapishwa kuwa kiwango cha intaneti Mei 2021, husafiri juu ya UDP badala ya TCP, na vivinjari vikubwa huitumia. Baadhi ya huduma haziwezi kuichungulia, hivyo huiachia ipite. Kwa muda mfupi mnaweza kuzuia UDP kwenye bandari 443, na kivinjari kitarudi kwenye njia ya zamani. Mwulize mtoa huduma ataikagua lini, na umwombe tarehe kwa maandishi. Fanya hivyohivyo kuhusu IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti.

Pengo ambalo mtoa huduma hawezi kuliziba, au hana tarehe ya kuliziba, linatosha peke yake kuanzisha utafutaji wa huduma nyingine.

Dalili ya pili: inawachelewesha watu hadi wanaikwepa

Katika Afrika Mashariki umbali una gharama ya moja kwa moja. Kama kituo cha ukaguzi cha mtoa huduma kilicho karibu zaidi nanyi kiko Frankfurt, mawasiliano ya Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 7,000 kwenda na nyingine kurudi, hata kama ukurasa unaotakiwa uko Nairobi. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo pekee hula milisekunde 70. Na hapo tumehesabu mstari ulionyooka. Mikongo halisi huzunguka.

Pima muda wa kufungua mifumo mitatu mnayoitumia zaidi, huduma ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, asubuhi na mchana, katika kila tawi. Kisha nenda kwa wafanyakazi na uwaulize kwa upole, bila vitisho, nani huizima ili kazi iende. Wakikuambia ukweli, mmepata kipimo ambacho hakuna ripoti ya muuzaji itakayowapa. Huduma inayozimwa kila siku na watumiaji wake ni sawa na ambayo haipo.

Uliza pia kuhusu siku mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Mtoa huduma akwambie mawasiliano yenu yatapita wapi mkongo ukikatika, na kama kituo chake kisipofikika watu wataachiwa wapite bila ulinzi au watafungiwa kabisa. Uamuzi huo ni wenu, na ni lazima mfumo uwaruhusu kuufanya.

Dalili ya tatu: inachelewa, kisha inanyamaza

Desemba 2021 dosari katika Log4j, kipande cha programu kilichotumika katika mifumo mingi ya Java duniani, ilitangazwa na kuanza kutumiwa na wavamizi mara moja. Zilikuwa siku za kumpima mtoa huduma: kanuni ya kuzuia ilifika baada ya saa ngapi? Chukua dosari kubwa mbili au tatu zilizogusa mifumo yenu, uandike tarehe ya kutangazwa, tarehe kinga ilipofika, na kama ilifika yenyewe au mliifuata kwa simu.

Wakati mwingine dosari huwa ndani ya kinga yenyewe. Januari 2024 vifaa vya VPN vya kampuni ya Ivanti vilikuwa vinavamiwa kiasi kwamba CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, uliziamuru taasisi za shirikisho kuvitenganisha na mtandao ndani ya saa 48. Yeyote anaweza kupatwa na dosari. Angalia kama zinarudi sehemu ileile, na kama mlipata habari kwa mtoa huduma au kwenye magazeti.

Hitilafu moja isiwakimbize. Cloudflare, kampuni ya huduma za wingu, ilianguka tarehe 2 Julai 2019 kwa sababu ya kanuni moja iliyoandikwa vibaya, na tarehe 18 Novemba 2025 kwa sababu ya faili lililokua kupita kiasi. Mara zote mbili ilichapisha maelezo ya chanzo, hatua kwa hatua. Mtoa huduma anayeeleza hivyo huwapa uwezo wa kujipanga. Anayejibu kwa sentensi mbili za kuomba radhi, mara ya pili na ya tatu, amewapa sababu ya kuondoka.

Dalili ya nne: haiwezi kujibu mbele ya sheria

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data humtaka anayedhibiti data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua kwamba taarifa zimevuja, pale kunapokuwa na hatari ya kweli ya madhara. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka pia masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi.

Jaribu hivi. Chagua siku moja miezi mitatu iliyopita, umwombe fundi wako ajibu kwa kutumia logi za huduma: nani aliingia kwenye seva ya wateja siku hiyo, kutoka wapi, na alichukua kiasi gani cha data? Hesabu saa. Kama logi zimefutwa, au lazima mwombe kwa barua na kusubiri wiki, huduma hiyo itawaangusha siku ya shida. Uliza pia logi zinahifadhiwa nchi gani.

Dalili ya tano: mwenye duka si yule mliyepatana naye

Mwaka 2019 Broadcom ilinunua kitengo cha Symantec kilichohudumia makampuni. Mwaka 2021 kitengo kama hicho cha McAfee kiliuzwa, na sehemu yake ya wingu ikaitwa Skyhigh Security mwaka 2022. Mauzo si ubaya. Lakini mmiliki mpya anaweza kubadilisha bei, kupunguza mafundi au kusimamisha bidhaa. Mkisikia habari hiyo, ombeni mpango wa bidhaa wa miaka miwili kwa maandishi, na mfuatilie muda wa kujibiwa mnapoomba msaada. Ukirefuka robo mwaka baada ya robo mwaka, msisubiri.

Yasiyotosha

Jina jipya sokoni halitoshi. Tangu kampuni ya utafiti ya Gartner ilipoanzisha mwaka 2019 neno SASE, yaani mtandao na ulinzi katika huduma moja ya wingu, huduma nyingi za zamani zimebandikwa jina hilo bila kubadilika ndani. Punguzo la mshindani nalo halitoshi. Litumie kujadiliana bei na mliyenaye.

Panga kuanzia mwisho wa mkataba kurudi nyuma

Soma kwanza kifungu cha kuhuisha. Mikataba mingi hujihuisha yenyewe msipotoa taarifa mapema, na tarehe ya taarifa hiyo ndiyo mwisho wenu wa kweli. Anzeni kupima miezi sita kabla yake.

Jaribuni huduma mpya katika tawi lenye intaneti dhaifu zaidi. Makao makuu kila kitu huonekana kizuri. Rudieni vipimo vilevile: orodha, EICAR, kasi, logi. Mshindani asiyeshinda katika vipimo ambavyo mliyenaye ameshindwa hastahili usumbufu wa kuhama.

Msinakili kanuni za zamani zote. Kila kanuni ipate mwenye kuieleza. Isiyo na mwenyewe ibaki nyuma. Hamisheni kwa makundi: timu ya TEHAMA, kisha tawi dogo, kisha wengine, na idara ya fedha isihamishwe mwisho wa mwezi. Huduma mbili ziende pamoja kwa wiki kadhaa, na gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kabla ya kufunga ya zamani, pakueni logi zote. Baada ya kuifunga, ondoeni vyeti vyake kwenye kompyuta, futeni akaunti na funguo zake, na safisheni rekodi za DNS zinazoielekea. Mabaki hayo ni milango iliyo wazi.

Mwisho, andikeni uamuzi katika ukurasa mmoja: kila dalili, kipimo chake, na jibu la ndiyo au hapana. Ndiyo katika dalili ya kwanza inatosha kuanza kutafuta. Ndiyo mbili katika nne zilizobaki zinatosha pia. Pungufu ya hapo, huisheni mkataba kwa mwaka mmoja badala ya mitatu, mkiambatisha orodha ya marekebisho na tarehe zake. Mkurugenzi wa fedha asaini pamoja na mkuu wa TEHAMA, kwa sababu taarifa zinazolindwa ni za wateja na wafanyakazi ambao hawakuulizwa ni huduma gani itumike, na kampuni nzima ndiyo itakayojibu zikivuja.