Idi Unguja: mji hufunguka jioni

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu yangu haipoi. Watu wa bara wanaotaka kuvuka kuja kula sikukuu huku wanauliza yale yale kila mwaka. Nimekuwa nikiwatembeza wageni Mji Mkongwe kwa miaka mingi, na mara hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Idi ni lini hasa? Nikate tiketi ya siku gani?

Mwezi ndio wenye kauli. Mfungo huwa wa siku 29 au 30, na hakuna wa kukuhakikishia kabla ya tangazo la usiku. Njoo ukiwa umebakisha siku mbili tatu za kufunga. Boti kutoka Dar es Salaam ni kama saa mbili tu, lakini tiketi za siku zile hugombewa. Tena usije kwa siku moja. Huku sikukuu husherehekewa siku nne, na Idi mosi mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mgeni: maduka yamefungwa, watu wako majumbani wanatembeleana au wamelala. Wapo waliowahi kunipigia saa saba mchana wakilalamika kwamba mji umekufa. Niliwaambia walale na wao.

Nataka kununua nguo za familia. Niende wapi, na saa ngapi?

Darajani, Mchangani na Mlandege, kaka. Mitaa hii imeshikana, utaizunguka yote kwa miguu. Alama yako iwe lile jengo la soko la Darajani la mwaka 1904. Ukipotea, uliza hapo. Nenda baada ya tarawehe, maana ndipo biashara inapochangamka. Usiku wa kuamkia Idi sikushauri kama una mtoto mgongoni: njia inajaa hadi unapelekwa na watu badala ya kwenda mwenyewe, muuzaji kajitwika magauni ya watoto begani hadi uso hauonekani, na kila mmoja anataja bei kwa sauti kumpita mwenzake. Mwaka mmoja nilimwona mama akitoa kipande cha uzi kwenye pochi na kukitia ndani ya kiatu. Mtoto alikuwa kalala nyumbani. Mama alipima unyayo wake kwa uzi, akaukata, akaja nao. Akajaribu viatu vinne hivyo hivyo, cha tano kikakaa.

Bei ya kwanza si bei. Ila usipunguze kwa ukali. Muulize hali, mtanie kidogo, kisha umwombe bei ya mwisho. Siku ya mwisho ya mfungo kuna waliochoka na mzigo, hao hushuka.

Vitu viwili vya kuangalia kwa makini. Kofia: ya mkono na ya mashine huwekwa meza moja, na si kila muuzaji atakwambia. Tazama vitundu vyake. Vya mashine vinafanana vyote kama vimepigwa muhuri. Vya mkono vina tofauti ndogondogo, na kofia yenyewe ni nzito kiganjani. Kazi ile huchukua wiki nyingi, kwa hiyo bei ikikushtua, shtuka kimya. Kanga nazo huuzwa kwa doti, yaani mbili zikiwa hazijakatwa. Soma jina kabla hujalipa. Rangi nzuri yenye maneno ya kumsuta mtu, ukampelekea mama mkwe, itakutafutia kikao cha ukoo.

Mimi ni Mkristo. Nitakaribishwa?

Utakaribishwa, na ukialikwa nyumbani asubuhi ya Idi usikatae. Utakuta tambi, visheti, halua na kahawa. Siku za mfungo usile wala kunywa barabarani mchana, na mavazi yawe ya heshima. Basi, hakuna zaidi.

Kila mtu ananiambia nile Forodhani. Ni kweli?

Nusu kweli. Bustani imetengenezwa vizuri tangu ukarabati wa mwaka 2009 uliofanywa na taasisi ya Aga Khan, na nyuma yako una Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Fika kabla ya magharibi uwaone vijana wanavyoruka kutoka ukutani kwenda baharini, mmoja mmoja, wakishindana kwa mbwembwe. Hapo raha haina malipo.

Chakula ni hadithi nyingine. Mantabali kula, kwa sababu inakaangwa mbele ya macho yako: unga unatandazwa kama kitambaa, nyama na yai katikati, unakunjwa. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, kunywa. Mishkaki ya bahari uitazame mara mbili, maana kuna pweza aliyechomwa jana na juzi. Na bei iulizwe kabla ya sahani kuguswa. Mimi mwenyeji nilijisahau siku moja, nikala kwanza. Nilichotozwa kingenunua kilo nzima ya samaki sokoni.

Ukitaka urojo, vuka uende Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwenye vibaraza vya akina mama. Pale utapata ule mzito wa manjano, wenye ukali wa embe, bajia, kachori, viazi, chatini ya nazi, na chipsi za muhogo juu ambazo hazijalainika bado.

Nina watoto watatu. Niwapeleke wapi?

Mama, sikukuu ya huku ni yao kwanza, sisi tunafuata. Baada ya alasiri wapeleke Mnazi Mmoja au Kariakoo (ya Unguja, usiichanganye na ya Dar, hii ni ya bembea). Weka chenji za kutosha, kwa sababu kila mtoto wa ndugu atakayekupa mkono anatarajia mkono wa Idi. Waandikie namba yako ya simu kwenye karatasi, uitie mfukoni mwa kila mmoja.

Disko toto la ukumbi uliofungwa mimi silipendekezi. Mwaka 2008, siku ya Idi, watoto wasiopungua 19 walikufa Tabora katika ukumbi wa dansi uliojaa kupita kiasi. Uwanja wa wazi unatosha.

Na sisi watu wazima, burudani gani?

Taarabu. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958; uliza mapema kama wana onyesho msimu huo. Ukipendezwa na wimbo, unainuka polepole na noti yako ukamtunze mwimbaji. Lakini sikiliza ubeti kwanza. Ukitunza kwenye ubeti wa mafumbo, aliyekaa karibu nawe anaweza kudhani umemlenga yeye, na usiku ukaharibika.

Mwisho, tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unayokata ya kuja. Boti za Idi nne hujaa.