Je, kumnyoa mtoto huongeza nywele?

*Daktari, mwanangu ana miezi mitatu. Alizaliwa na nywele tele, sasa zimepukutika na kisogoni ana upara. Mama mkwe anasema nimnyoe mara tatu ndipo zitajaa. Ni kweli?*
*Mama Mwenye Wasiwasi, Tanga*

Pole, mama. Upara huo ni wa kawaida. Nywele za kuzaliwa huacha kukua karibu kwa pamoja, kisha hudondoka, na kisogo husuguliwa na godoro.

Wembe hauongezi hata unywele mmoja. Vinyweleo, yaani vifuko ambamo nywele huota, hutengenezwa tumboni. Kuanzia wiki ya 9 hivi, tabaka la chini la ngozi hutuma ishara za kikemikali kwa tabaka la juu. La juu hunenepa mahali padogo, nalo hujibu. Seli za chini hukusanyika hapo, na kibonge hicho huzama ndani ya ngozi hadi kiwe kinyweleo. Nyusi hutangulia. Kufikia mwezi wa tano wa mimba, vinyweleo takriban 100,000 vya kichwani vimeshapangwa, na baada ya kuzaliwa haviongezeki. Unywele ulionyolewa huchipuka na ncha butu, ndiyo maana huonekana mnene. (Kunyoa kwa akika ni ibada, hilo silo ninalolipinga.)

Aendelee kulala chali. Akiwa macho, mlaze kifudifudi ukimwangalia. Dawa za kuotesha nywele usimpake.

Mpeleke kliniki ukiona mabaka yenye magamba kama mapunye, vidonda, au sehemu isiyo na unywele tangu azaliwe.