Uliza Kwanza: Upendeleo Uliojificha katika Kazi ya WAVIU Washauri

Katika kliniki za tiba na matunzo nchini Tanzania, ambazo wengi huziita CTC, mgonjwa anayeanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hukutana na daktari, muuguzi na, mara nyingi, mshauri ambaye naye anaishi na virusi hivyo. Huyu huitwa WAVIU mshauri. Amepokea majibu yaleyale na humeza dawa kila siku, hivyo maneno yake huaminika pale ambapo ya mtaalamu husikika kama amri.

Hata hivyo, aliyeipita njia huweza kudhani kwamba kila mtu huipita vilevile. Upendeleo uliojificha ni hukumu ambayo akili huipitisha juu ya mtu kwa sababu ya dini, kabila, umri au jinsia yake, kabla mwenye akili hiyo hajatambua kuwa amehukumu. Hauhitaji chuki wala nia mbaya. Huweza kukaa hata ndani ya mtu aliyewahi kunyanyapaliwa yeye mwenyewe.

Mfano wa kwanza

Mama mmoja Mwislamu humeza kidonge chake kila siku saa saba mchana. Ramadhani inapoingia, anaruka dozi nyingi. Mshauri, ambaye si Mwislamu, anaona vidonge vilivyobaki na kuhitimisha moyoni kwamba mama amekimbilia tiba za kienyeji. Anampa nasaha kali. Mama anaitikia kwa heshima, anaondoka, na tatizo linabaki palepale.

Swali moja, "Mama, siku zile ambazo hukumeza dawa, ilikuwaje?", lingefunua kwamba alikuwa amefunga. Dawa ya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, kwa kukubaliana na mtoa huduma. Na ikiwa afya yake hairuhusu saumu, dini yenyewe humruhusu mgonjwa kula na kulipa siku hizo baadaye.

Mfano wa pili

Mwaka unaofuata, kijana Mwislamu naye anaruka dozi katika Ramadhani. Mshauri, akiwa amejifunza, anamweleza papo hapo habari za futari na daku. Kijana ananyamaza. Shida yake si saumu: amehamia kwa kaka yake, analala chumba kimoja na wengine, na hana mahali pa kuweka kopo la dawa lisionekane.

Hapa ujuzi mpya umegeuka kuwa upendeleo mpya. Kuufahamu utamaduni wa mtu humpa mshauri swali zuri la kuuliza. Jibu analo mgonjwa.

Kwa nini jambo hili ni zito

Dozi zinaporukwa, virusi huongezeka na huweza kuwa sugu kwa dawa. Kinyume chake, anayemeza dawa ipasavyo hadi virusi visigundulike katika damu, na akadumu hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hukumu ya dakika moja yaweza kugharimu afya ya watu wawili.

Mambo ya kuzingatia

1. Mshauri aulize kabla ya kueleza, kisha asikilize hadi mwisho.
2. Asimulie yaliyomfaa yeye kama mfano, si kama kipimo.
3. Anapojikuta na hakika ya haraka juu ya mtu, ajiulize: "Hili ameniambia, au nimelidhani?"
4. Arudie kwa maneno yake alichosikia, ili mgonjwa apate nafasi ya kumsahihisha.

Mgonjwa naye anayo haki ya kusema, "Sivyo, sababu yangu ni nyingine," na ya kuomba kuzungumza na mhudumu mwingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa taarifa zake na inakataza unyanyapaa na ubaguzi.

Maswali ya kujipima

Ni mgonjwa gani wa wiki hii ambaye sababu yake ilidhaniwa bila kuulizwa? Atakaporudi kliniki, ataulizwa swali gani la kwanza?